Namna ya kushukuru mwaka ambao korosho zimekataa

Kaunta buku langu la shamba lina pande mbili. Ukilifungua kwa mbele utakuta hesabu za korosho: magunia, kilo, makato, deni la salfa, ile dawa ya unga ya kupuliza mikorosho. Ukiligeuza na kulifungulia kwa nyuma, ndiko ninakoandika shukrani. Upande huo wa nyuma niliuanza mwaka 2017, na sikuuanza kwa sababu mambo yalikuwa mazuri.

Mwezi wa tano mwaka ule baba watoto alipata kiharusi, upande wake wote wa kulia ukalala. Hela ya salfa ikaenda hospitali. Wenzetu huku Ndanda, mkoani Mtwara, walipokuwa wanapuliza alfajiri, umande ukiwa bado majanini, mimi nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Ubwiri unga, ugonjwa ambao salfa huuzuia, ukaingia shambani, maua yakawa meupe kama yamemwagiwa unga, yakakauka, yakapukutika. Mbaazi tulizovuna zikakosa mnunuzi, kwa kuwa India, mnunuzi wetu mkubwa, iliweka ukomo wa mbaazi za kutoka nje mwezi wa nane uleule. Minada ya korosho ilipoanza bei ikapanda kuliko nilivyowahi kuona, na mimi mikorosho yangu 62 ilikuwa imenipa kilo 143.

Jirani mmoja mcha Mungu alikuja kutuona. Akaniambia, "Dada, mshukuru Mungu kwa huo ugonjwa. Maandiko yanasema shukuruni kwa kila jambo." Nikaitikia "Amina", nikaingia ndani nikalia, na kile kilio kilikuwa cha hasira.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliye mahali pale nilipokuwa. Ni namna ninavyofanya mimi, na ninaendelea kufanya.

Kwanza lielewe neno lenyewe

Nilikwenda kwa katekista wetu nikamuuliza waziwazi kama Mungu anataka nimshukuru kwa kiharusi. Akafungua Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 5 mstari wa 18, akanieleza kwamba Kigiriki alichoandikia Paulo kinasema "katika kila jambo", yaani ukiwa ndani ya kila hali. Ugonjwa ni ugonjwa. Mtume hakusema tuuite zawadi. Alisema tukiwa humo ndani yake, tusiache kumshukuru Mungu.

Halafu akanipeleka kwenye Injili ya Yohana sura ya 11, kwenye kaburi la Lazaro. Mstari wa 35 Yesu analia machozi. Mstari wa 41 anainua macho, anasema, "Baba, nakushukuru." Ni kaburi lilelile, siku ileile. Hakufuta machozi kwanza ili aruhusiwe kushukuru. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja kwa Bwana mwenyewe, na mimi tangu siku ile nimeacha kuona aibu yakikaa pamoja kwangu.

Kwa hiyo ukianza sala ya shukrani siku mbaya, anza kwa kusema kweli. Chukua Zaburi ya 13, ni mistari sita tu. Inaanza na "Ee Bwana, hata lini utanisahau?" na inaishia kwenye wimbo. Isome kwa sauti, na pale penye malalamiko weka ya kwako: hata lini atashindwa kushika kikombe, hata lini nitakopa unga. Usiruke kwenda mwisho. Kuna siku utaona mwisho ule huufikii. Siku hiyo soma ya 88, ambayo inaishia gizani kabisa na bado imo katika Biblia, kisha ulale. Umesali.

Taja kitu, taja kipimo chake

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi tunapochoka mapema. Tunasema, "Asante Mungu kwa mema yote uliyotutendea," tunafumba macho, basi. Sala hiyo si mbaya, ila kwa mtu aliye katika shida haishiki popote. Moyo unauliza: mema gani?

Tazama Zaburi ya 136. Ina mistari 26, na kila mstari unataja kitu: jua, mwezi na nyota, Bahari ya Shamu, hata wafalme kwa majina yao, Sihoni na Ogu, na kila mmoja unafuatwa na fadhili zake ni za milele. Aliyeitunga hakusema "mema yote". Alihesabu.

Mimi ni mkulima, kuhesabu nakujua. Gunia la korosho halipelekwi ghalani kwa kukisia, linapandishwa mizani. Basi nikaanza kuandika hivyohivyo. Ukurasa wa kwanza kabisa, siku ya Jumanne, una mistari mitatu. Nauandika kama ulivyo:

Maji ndoo 3, kijana wa jirani kaleta, kakataa hela.
Baba kanywa uji vijiko 4 bila kupaliwa.
Mvua haikunyesha usiku, paa halijavuja.

Ule mstari wa pili nauona hadi leo. Nilikuwa nimemwegemeza na mito miwili, kitenge kifuani kwa sababu uji ulikuwa unamtoka upande wa kulia wa mdomo. Kijiko cha kwanza nusu yake kilimwagika. Cha pili akakibana kwa midomo. Cha tatu alikishika kijiko mwenyewe kwa mkono wa kushoto, mkono unatetemeka, kikagonga meno. Cha nne akameza, akanitazama. Kama nisingekuwa na mstari wa kujaza jioni ile, ningeona tu uji uliomwagika kwenye kitenge. Kwa kuwa nilikuwa natafuta cha kuandika, nilihesabu vilivyofika tumboni.

Andika mitatu kila siku, isizidi, hata siku ya neema nyingi, ili siku ya ukame usione umepungukiwa. Usirudie ya jana kwa maneno yaleyale. Kama umekosa mstari wa tatu, nenda kautafute: toka nje, zunguka nyumba, uliza watoto wameona nini. Kule kutafuta ni sala pia.

Na ifungamanishe na kazi ambayo huwezi kuiacha. Msimu wa kuokota mimi hushukuru shambani: kila nikinyonyoa korosho za ndoo moja kutoka kwenye mabibo, nataja jambo moja kabla sijaimwaga guniani. Msimu ukiisha nahamia jikoni, wakati moto unashika. Ukisema "nitashukuru nikipata nafasi", nafasi haitapatikana.

Rudi kwa mtu

Wale wakoma kumi wa Luka 17 wote walitakasika. Mmoja akarudi, na alirudi kwa miguu yake, akaanguka miguuni pa Yesu. Kwa hiyo ukishamaliza kumshukuru Mungu, angalia huo mstari kama una mtu ndani yake, kisha mwendee. Mimi nilimrudia muuguzi aliyemgeuza mume wangu kitandani usiku ili asipate vidonda, nikampelekea korosho za kubangua, kifuko kidogo. Alisema wagonjwa wanarudi kulalamika, kurudi kushukuru ni nadra. Yule kijana wa maji nilimwambia mbele ya mama yake. Huwa inatosha.

Mambo ya kuepuka

Usishukuru juu ya mgongo wa mwenzako. Aprili 2019 tuliambiwa Kimbunga Kenneth kinakuja Mtwara. Shule zikafungwa, watu wakahamia sehemu salama, tukasali. Kimbunga kikapita kusini, kikaipiga Cabo Delgado, Msumbiji. Kesho yake nilisikia watu wakisema Mungu anatupenda Watanzania. Lakini ng'ambo ya Mto Ruvuma kuna Wamakonde kama wa huku, kuna shangazi na wajomba wa majirani zangu. Je, hao Mungu hawapendi? Katika Injili kuna mtu mmoja ambaye shukrani yake haikupokelewa, yule Farisayo wa Luka 18: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Jioni ile niliandika, "Paa lipo, watoto wapo," na mstari wa tatu nikaufanya ombi kwa ajili ya Msumbiji. Ukiona shukrani yako inahitaji mtu mwingine aumie ndipo ikamilike, ibadilishe.

Usimwamuru mfiwa ashukuru. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ni maneno ya Ayubu mwenyewe, aliyezika watoto. Rafiki zake walipofika walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo ndipo walipofanya vema kuliko pote. Ukienda msibani, chota maji, osha vyombo, kaa mkekani. Neno la shukrani mwachie mwenye msiba, na asipolisema usilidai.

Tena kushukuru si kunyamaza. Msimu mmoja malipo yetu ya korosho yalichelewa sana. Nilishukuru kwa muhogo uliokuwepo na ming'oko, vile viazi vya porini, tuliyochimba, na kesho yake nilikwenda na stakabadhi yangu mkononi kuuliza hela yangu iko wapi. Sikuona dhambi.

Jumapili

Padre anaposema, "Tumshukuru Bwana Mungu wetu," sisi hujibu, "Ni vema na haki," na wengi tunajibu huku tunatafuta sadaka kwenye pochi. Neno Ekaristi maana yake ni shukrani. Na Paulo anatuambia katika Wakorintho wa kwanza, sura ya 11, ni lini Bwana aliutwaa mkate ule akashukuru: usiku uleule aliotolewa, msaliti akiwa keshajulikana. Ndiyo maana nabeba karatasi yenye ile mistari ya wiki, 21, nimeikunja ndani ya kitabu cha sala. Mkate unapoinuliwa, nainua na hiyo moyoni. Wiki ambazo zimekuwa ngumu naishika kwa mkono.

Kama hujui kuandika, au una mzazi asiyejua, fanya kama mama mkwe wangu. Yeye hakusoma. Alichukua kopo la maziwa, akaliweka kando ya gunia la zile mbaazi zilizokosa soko. Kila jambo la kushukuru anadondosha punje moja. Jumamosi jioni anazimwaga kwenye ungo, wajukuu wanamzunguka, wanaokota mojamoja na kumuuliza, "Bibi, na hii?" Nyingine anaikumbuka. Nyingine anaigeuzageuza kiganjani, anasema, "Hii nimeisahau, Mungu anaijua," na inarudi guniani pamoja na zile nyingine.