Kumpokea Yesu ukiwa mtu mzima mwenye jina lako: kiburi kinakaa wapi na kinatolewaje

Mwongozo huu ni wa mtu mzima wa huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, awe Uyole, Tukuyu, Makambako au Mafinga, ambaye moyoni ameshakubali kwamba Yesu ni Bwana ila miguu haitaki kwenda. Anasoma Biblia mlango ukiwa umefungwa. Anasikiliza mahubiri redioni, mke akiingia anabadilisha stesheni. Mtu huyu hajakosa ushahidi. Kinachomkwamisha ni kwamba akiamini ataonekana, na wa kumwona ni watu wanaomjua, wengine wakiwa ni wale aliozoea kuwatuma dukani. Kiburi chake kimekaa hapo, na kulia kwenye mkutano wa injili peke yake hakukitoi.

Soma habari za Naamani kwanza

Iko 2 Wafalme sura ya 5, mistari 27 tu. Naamani ni jemadari wa Shamu, shujaa, lakini ana ukoma. Habari ya kupona anaipata kwa binti mdogo, mateka, mtumishi wa mkewe. Anafunga safari na fedha, dhahabu na mavazi ya kubadili, anafika kwa nabii Elisha, na Elisha hatoki hata nje kumsalimia: anamtuma mtu amwambie akajichovye Yordani mara saba. Naamani anakasirika. Alitegemea nabii atoke, asimame mbele yake, afanye jambo la kumstahili mtu wa cheo chake. Tena kwao Dameski kuna mito mizuri zaidi. Wanaomwokoa ni watumishi wake, wanaomwambia kwa adabu, "Baba yangu", kama angeambiwa afanye jambo kubwa si angelifanya? Anashuka, anajichovya, anapona.

Ukimaliza, chukua daftari ujibu maswali matatu, kwa majina na si kwa maelezo. Nani nisingependa anione nimepiga magoti? Ni kitu gani naogopa nitaambiwa nikiache? Ni nani aliyenieleza habari za Yesu nikamdharau?

Jibu la tatu ndilo la kufanyia kazi mapema. Mara nyingi ni mke, au binti aliyerudi likizo, au kijana wa kazi, au mama muuza ndizi anayeimba kwaya. Mwendee mtu huyo kabla hujamtafuta mchungaji, umwambie maneno machache: "Yale uliyoniambia nimeyafikiria. Naomba uniombee." Basi. Usimweleze mengi wala usimwahidi kitu. Sentensi hiyo ni ngumu kuliko kutoa tripu tatu za mchanga, na ndiyo maana tunaiweka mwanzo.

Kiburi kinavyojificha

Cha msomi tutakipita haraka. Huyu anataka maswali yote yajibiwe ndipo aamini. Ayaandike, ampelekee mchungaji au padri matano kwa wakati, huku akisoma Injili ya Marko sura moja kwa siku. Sura ni 16, kwa hiyo wiki mbili na ushee zinatosha. Akiona kila swali likijibiwa analeta jingine la kuahirishia, ajue tatizo limeshatoka kichwani, limehamia moyoni.

Cha mwenye pesa kinahitaji macho makali kwa sababu kinavaa nguo za ibada. Mfanyabiashara wa viazi au mbao akianza kuguswa, kitu cha kwanza anachofanya ni kutoa. Ananunua mabati, analeta mifuko hamsini ya simenti, anaitwa mgeni rasmi kwenye harambee, anakalishwa mbele kwenye kiti chenye kitambaa. Kanisa linafurahi na yeye anafurahi, na hakuna aliyemuuliza kama ametubu. Ushauri wetu ni mkali kidogo: tangu siku uliyoamua mpaka utakapobatizwa au kurudishwa kundini, toa sadaka ya kawaida kwenye kapu kama wengine, bila kutangazwa. Kataa kuwa mgeni rasmi. Keti benchi la nyuma. Wageni wakiambiwa wasimame, simama, taja jina bila cheo, kaa. Mabati yatasubiri.

Kiburi cha tatu ni cha mzaliwa wa kanisani, na huku kwetu ndicho kilichojaa. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huohuo, kwa hiyo familia nyingi zina Ukristo wa vizazi vitatu au vinne. Mtu amebatizwa akiwa mchanga, amepata kipaimara, babu yake alikuwa mwinjilisti, na miaka kumi na tano sasa anaingia kanisani kwenye harusi na misiba tu. Ukimwambia ampokee Yesu anaona umemtukana. Huyu habatizwi tena akirudi Lutheri, Moravian au Katoliki, kwa kuwa wanahesabu ubatizo kuwa ni mmoja. Mlutheri au Mmoraviani aende kwa mzee wa kanisa wa mtaa wake, aeleze alitengwa kwa kosa gani au aliacha lini, aombe kurudishwa kundini. Sehemu nyingi anaitwa mbele ya washarika siku ya Jumapili. Mkatoliki aende kwenye kitubio, yaani kuungama kwa padri, na kama ndoa haijafungwa kanisani amwone padri mapema, maana hilo lina hatua zake. Wengi hukimbilia kanisa jingine ili wasipite mbele ya watu wanaowajua. Kama umehama kwa sababu ya imani, sawa. Kama umehama kukwepa dakika tano za kusimama pale mbele, kiburi umehama nacho.

Hatua yenyewe

Unaweza kumwona mchungaji usiku. Nikodemo alikwenda kwa Yesu usiku (Yohana 3), na hakufukuzwa. Lakini angalia alivyoishia: sura ya 19 yuko kwenye maziko ya Yesu, amebeba manemane na udi kiasi cha ratli mia, mzigo usiofichika. Kwa hiyo anza usiku kama huna njia nyingine, ila jiwekee Jumapili ya kwenda mchana kabla ya mwezi kuisha.

Sala ya kujisalimisha haihitaji urefu wala sauti ya kubadilika. Piga magoti kama mwili unaruhusu. Mwite Mungu. Taja dhambi kwa jina, moja moja. Kubali kwamba huna cha kujitetea nacho. Sema kwamba unamwamini Yesu aliyekufa kwa ajili yako na Mungu akamfufua. Mkabidhi kile ulichokiandika kwenye swali la pili la daftari, ukikitaja. Warumi 10:9 inaweka kukiri kwa kinywa pamoja na kuamini moyoni, kwa hiyo tamka kwa sauti, na ni vizuri awepo mtu mmoja anayekusikia.

Sala huharibika kwenye kuungama kwa jumla. "Nisamehe makosa yangu yote" haimuumizi mtu. "Nilimdhulumu mdogo wangu shamba la marehemu baba" inauma, na hapo ndipo toba huanza kushika. Usingoje kusikia joto wala kutetemeka. Wengine husikia, wengine hawasikii kitu, nao wameokolewa vilevile.

Kurudisha na kuomba radhi

Hapa ndipo wengi wenye majina hukwama, na walimu wengi wa ubatizo hupapitia juu juu. Mungu umeshamwomba msamaha. Kuna watu pia.

Anza nyumbani. Kwa mke au mume, maneno ni: "Nilikukosea. Nilifanya hivi na hivi. Naomba unisamehe." Usiongeze "lakini na wewe". Ukishasema, nyamaza. Akilia, akikaa kimya, hata akisema hakuamini, usimdai msamaha siku hiyohiyo. Baada ya mwenzi wako, waombe radhi watoto wakubwa, ana kwa ana. Mzee wa Kinyakyusa au wa Kihehe kumwomba radhi mtoto aliyemzaa si jambo dogo, nasi hatulifanyi dogo. Afanye akiwa ameketi, kwa heshima yake yote.

Wa nje wanafuata. Zakayo, mtoza ushuru tajiri, aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8), ila hiyo ilikuwa hiari yake. Kipimo cha Walawi 6:5 ni kurudisha kitu chenyewe na sehemu ya tano juu yake. Ulidhulumu magunia matano ya mahindi, peleka sita. Laki tano, peleka laki sita. Kama huna, andikianeni mbele ya shahidi, lipa kidogo kidogo mpaka iishe. Mpaka wa shamba uliousogeza urudishe mbele ya balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji, jirani akiwepo. Ukiurudisha kimyakimya, watoto wenu watagombana tena. Kama uliyemdhulumu amefariki, wapo warithi.

Tahadhari moja. Ungamo litakalomwangusha mtu wa tatu, kama ulizini na mke wa jirani, usikimbie kulitamka kwa huyo jirani. Lipeleke kwa mchungaji au kwenye kitubio kwanza, upate shauri. Kujisalimisha kwako kusiwe panga kwenye nyumba ya mwingine.

Pombe, hirizi, wake, matambiko

Ulanzi, komoni au kimpumu: kama umekunywa kila siku kwa miaka, usiache ghafla ukijifungia ndani kwa kufunga na kuomba. Mlevi wa muda mrefu akiacha mara moja anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kuanguka kifafa, na wengine hufa. Pita hospitali ya wilaya, waeleze wazi. Vilevile dawa za kisukari, presha, kifua kikuu au ARV haziachwi kwa sababu umeombewa, hata aliyekuombea akisema hivyo.

Hirizi na dawa za mganga zichomwe, kama waamini wa Efeso walivyochoma vitabu vyao vya uganga (Matendo 19:19). Choma vya kwako tu, na mchungaji au katekista awepo. Vitu vya ukoo vilivyo kwa kaka yako si vyako, usiende kuviiba ukaviwasha moto. Hiyo ni vurugu.

Mwenye wake zaidi ya mmoja asifukuze mtu. Makanisa yanatofautiana, kwa hiyo aulize kwanza, na watoto wote wabaki watoto wake kwa chakula, ada na matibabu.

Tambiko wengi hulikabili vibaya: wanangoja siku yenyewe, wanakataa mbele ya wazee, ukoo mzima unaona wametukanwa. Mwendee mzee wa ukoo wiki kadhaa kabla, mkiwa wawili, mwambie: "Baba, mimi nimeamini. Kumwaga pombe na kutaja majina sitaweza. Lakini kuchimba kaburi, kuni, mchele na nauli za wageni nipo." Halafu uwepo kweli, na jembe mkononi. Naamani naye aliuliza kuhusu kuinama katika nyumba ya Rimoni, mungu wa kwao, akiwa kazini kwa mfalme wake, na Elisha akamwambia aende kwa amani. Yeyote anayekutisha kwa sababu ya uamuzi wako, kumbuka kwamba Katiba ya Tanzania, Ibara ya 19, inakupa uhuru wa kuamini na pia wa kubadili dini.

Mafundisho na maji

Katoliki, mtu mzima hupita ukatekumeni, yaani mafundisho ya kujiandaa kwa ubatizo, kwa miezi, mara nyingi mwaka na zaidi, na kwa kawaida hubatizwa Mkesha wa Pasaka. Jiandikishe kigangoni na uhudhurie Jumuiya ya mtaani kwako, hata kama mwenyekiti wake ni fundi baiskeli na wewe ni mkuu wa shule. Lutheri utafundishwa Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529. Pengine utakaa dawati moja na vijana wa kipaimara. Kaa hapohapo, usiombe kufundishwa ofisini peke yako.

Makanisa ya Kipentekoste huzamisha, na mara nyingi ni mtoni. Mbeya na Njombe, Juni na Julai, asubuhi maji ni ya kukata mifupa, kwa hiyo omba iwe saa sita au saa saba mchana. Vaa nguo nzito za rangi ya giza zisizoonyesha mwili zikilowa, beba nguo kavu, taulo na blanketi. Mwenye pumu au moyo aseme mapema. Yupo atakayetaka abatizwe faragha kwa ajili ya cheo chake. Kama hakuna ugonjwa wala hatari, apange foleni na wenzake.

Ukiombwa pesa ili uombewe au ubatizwe, ondoka. Elisha alikataa zawadi za Naamani, na Gehazi mtumishi wake aliyemkimbilia kuzipokea alipata ukoma. Hatimiliki ya kiwanja usimpe mtu aishike "kwa imani". Unamkabidhi maisha Kristo, humkabidhi mchungaji kadi ya benki.

Miezi ya mwanzo

Mtu mwenye jina akiokoka, kanisa hukimbilia kumpa kipaza sauti, kisha uenyekiti wa ujenzi. Kataa vyote viwili kwa mwaka mmoja. 1 Timotheo 3:6 inakataza uongozi kwa aliyeongoka karibuni, na sababu yake imeandikwa palepale: asije akajivuna. Ushuhuda unaotolewa mapema huanza na neema ya Mungu, na kufikia mara ya nne umeshakuwa habari za dhambi kubwa za mzee na magari aliyokuwa nayo. Omba kazi isiyo na cheo: kufagia Jumamosi, kupanga viti, kubeba maji ya wapishi siku ya semina. Aliyekuandika kwenye zamu akiwa ni yule mama muuza ndizi, fika kabla yake.