Kabla Hujaleta Diskasi Wachanga Kigoma

Mtu wa Kigoma akitaka kufuga samaki wa mapambo, wazo la kwanza ni kuchukua ndoo na kushuka ziwani. Kwa samaki aitwaye diskasi, hapo ndipo mambo huharibika. Asili yake ni bonde la Amazon, kwenye maji laini, yenye asidi kidogo na vuguvugu: pH (kipimo cha asidi: ikiwa ndogo, asidi ni nyingi) ya 6 hadi 7, nyuzi 28 hadi 30. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi na pH yake hukaribia 9. Ya bomba hapa mjini nayo yanavutwa humo humo ziwani, kwa hiyo hujakwepa kitu.

Tena pH kubwa haimkeri samaki tu. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Kwenye asidi, sehemu kubwa ya amonia hiyo hubaki katika hali isiyodhuru sana. pH na joto vikipanda, inageuka sumu inayounguza matamvua. Na mtoto wa diskasi anakula mara nne, tano kwa siku ndani ya maji ya nyuzi 29.

Basi kabla ya kununua tangi la kioo, nunua simtanki. Kinga maji ya bati, ila mvua za kwanza za msimu ziache zipite na vumbi lake na kinyesi cha ndege. Mvua tupu haina madini ya kushikilia pH isiporomoke, hivyo anza na ndoo tatu za mvua kwa moja ya bomba iliyokaa siku nzima ikipulizwa hewa ili klorini itoke. Pima, kisha rekebisha.

Sasa piga hesabu. Tangi la lita 200 linawatosha wachanga sita (usichukue wawili, mmoja atamwonea mwenzake mpaka afe), na kila siku unabadilisha theluthi moja ya maji. Ni lita 65 hivi, karibu 50 kati ya hizo za mvua. Kiangazi chetu, Juni hadi Septemba, kitakula lita 6,000. Simtanki la 5,000 halifiki. Ndiyo maana nashauri uwalete mvua zinapoanza, Novemba hivi: kiangazi kikiingia wameshakua, wanakula mara mbili au tatu, na unabadilisha maji mara mbili kwa wiki. Mimi nilileta wangu Julai. Sitaki kusimulia zaidi.

Maana yake filta iwashwe tangu Septemba. Bakteria wanaokula amonia huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye sponji. Mchanga na mawe acha. Sakafu tupu husafishika upesi.

Chakula ni moyo wa ng'ombe, uliotolewa mafuta yote na mishipa, ukasagwa na kugandishwa bapa nyembamba za kumegwa. Mafuta ya ng'ombe samaki huyu hayawezi. Changanya na kamba waliomenywa na spinachi kidogo, na vidonge vya chakula cha samaki vya dukani uwe navyo pia. Majirani watashangaa samaki anakula nyama huku wao wanakula dagaa. Dagaa wakavu usiwape, hasa walioanikwa chini: mchanga hauishi. Kilichobaki baada ya dakika kumi kinyonye kwa mpira.

Wanunue wakiwa na sentimeta 5 au zaidi. Wadogo kabisa hula ute wa ngozi ya wazazi wao, na hilo huna namna ya kuliiga.

Umeme ukikatika usiku, uwe na pampu ya hewa ya betri na blanketi la kufunika tangi. Usiwalishe mpaka umeme urudi.

Na vijana wakikuletea samaki wa rangi kutoka kwenye miamba ya ziwa uwachanganye humo, kataa. Ni ukoo mmoja na diskasi, lakini maji yao ndiyo yale unayoyakwepa.