Somo: Kwenda Moshi Desemba na kurudi bila kuonja mbege

Ndugu zangu mlioacha pombe, simu za nyumbani zimeshaanza: "Unakuja lini?" Mwaka huu ni wa tano naenda Kibosho nikiwa sinywi, kwa hiyo nawaandikia ambao ndiyo mara yao ya kwanza. Nasema ya Uchagani na mbege yetu, pombe ya ndizi na ulezi, kwa sababu ndiko nikujuako. Wa pombe nyingine za kienyeji, kama rubisi na ulanzi, mtabadilisha majina tu.

Kama hujamaliza hata miezi mitatu tangu uache, mimi nakushauri usiende. Tuma hela ya mbuzi, piga simu, ongea na wazee. Watanuna, kisha watasahau.

Hatua ya 1: Tiketi ya kurudi ikatwe kabla ya ile ya kwenda. Fika tarehe 24, ondoka 27. Mabasi ya msimu huu yanajaa na kila mtu anajua, kwa hiyo ukiambiwa "kaa mpaka mwaka mpya" jibu unalo mfukoni. Siku za kati ya 28 na 31 hazina ibada wala kuchinja, ni kushinda glosari tu. Mara ya kwanza nilipojaribu kuacha, zilinirudisha hizo.

Hatua ya 2: Mwambie mtu mmoja. Ukoo mzima wa nini? Chagua mwenye sauti. Mimi nilimpigia shangazi: "Nimeacha pombe, shangazi. Baba mkubwa akinibana, nitakuangalia wewe." Akauliza kama ninaumwa, nikasema ndiyo, nilikuwa naumwa. Basi.

Hatua ya 3: Kata, yaani kibuyu cha kunywea mbege. Hapa ndipo wengi tunapokosea, maana tunajiandaa kukataa pombe, kumbe mzee anayekunyooshea kata anakupa heshima. Ukisukuma mkono wake umemsukuma yeye. Kwa hiyo pokea. Mwaka ule wa kwanza baba mkubwa aliijaza mpaka povu likamwagika, kibanda kizima kikanyamaza. Nikasimama, nikapokea kwa mikono miwili, nikasema, "Nimepokea, baba mkubwa, asante," nikageuka nikampelekea babu aliyekaa pembeni. Babu akanywa. Mtu mmoja akaanza kuguna, shangazi akauliza kwa sauti chumvi iko wapi, mazungumzo yakaendelea. Kilichonitesa baadaye ni kiganja. Kilikuwa kimelowa, kinanuka ulezi na ule uchungu wa msesewe, gome la mti linalotiwa kwenye mbege, na nilinawa kwa sabuni mara mbili kabla sijarudi kukaa. Kama hujiamini kushika kata, usiishike. Mwambie huyo mtu wako akupokelee.

Na usidanganywe na "hii bado tamu, hata watoto wanakunywa." Mbege haiachi kuchacha. Iliyokuwa tamu asubuhi, jioni ni kitu kingine.

Hatua ya 4: Kikao cha familia. Watu wanaogopa mbege, lakini kwa niliyoyaona, kikao ndicho kinachoangusha. Mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, nani hakuchangia bati la mama, na mwisho lazima mtu akumbushe ulivyouza ng'ombe ukiwa mlevi. Ni kweli uliuza. Usijitetee. Kama una deni, nenda siku moja kabla, ukiwa na jani lako la isale, lile la kuombea msamaha, kwa yule uliyemkosea, myamalize mkiwa wawili. Kikaoni kaa karibu na mlango. Damu ikianza kuchemka, toka ukatafute kuni. Hamu ya pombe huja kama wimbi, ikikosa wa kuipa nafasi mara nyingi hupungua ndani ya nusu saa.

Hatua ya 5: Usishinde njaa. Vikundi vya AA, vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, hutaja mambo manne ya kuchunga: njaa, hasira, upweke, uchovu. Krismasi ya nyumbani inakupa yote manne kwa siku moja. Umekesha ndani ya basi, mbuzi haivi mpaka saa tisa, na wenzako wameanza kunywa tangu watoke kanisani. Kula mtori asubuhi, ushibe. Shika soda yako uliyoifungua mwenyewe. Omba kazi ya kuchoma nyama, maana mchomaji hasumbuliwi. Giza likiingia, jitolee kuwasindikiza bibi na watoto, ukifika huko usirudi.

Maswali ya wanachama

Swali: Natumia disulfiram, dawa ya kusaidia kuacha pombe. Nikionja kidogo tu kuwaridhisha wazee?
Hapana, hata tone. Utatapika, uso utawaka, moyo utakwenda mbio, na inaweza kuwa hatari kwa maisha. Kuacha kumeza siku mbili tatu kabla ya sherehe hakusaidii, kwani dawa inaweza kukaa mwilini hadi wiki mbili. Uliza pia kuhusu dawa za kikohozi za maji, nyingine zina kilevi.

Swali: Mume wangu anakunywa konyagi kila siku, tangu asubuhi. Anataka aache ghafla tarehe 23 tukianza safari.
Dada, msimamishe. Mnywaji wa kiwango hicho akikata ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na baadaye kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Hayo yanaua, na basi halina daktari. Mpeleke hospitali kwanza, aachishwe chini ya uangalizi. Safari iahirishwe.

Swali: Divai ya Meza ya Bwana je?
Kamwone mchungaji kabla ya siku yenyewe. Si wewe wa kwanza kumuuliza.

Swali: Mama yangu ndiye mpishi wa mbege, mapipa yako nyuma ya jiko. Nitalala wapi?
Hili gumu, kwa sababu mbege hiyo hiyo pengine ndiyo iliyokulipia ada. Usimwambie aache kupika. Lala kwa ndugu mwingine, kwa mama njoo mchana, na usiingie nyuma ya jiko hata kumsaidia kubeba.

Swali: Nikiteleza tarehe 25?
Mpigie mwenzako aliyeacha pombe usiku huo huo, usingoje Januari. Kisha badilisha tiketi, uondoke tarehe 26 na basi la kwanza.