Namna ya Kushiriki Mashindano ya Kuogelea ya Watu Wazima na Kuulinda Muda Wako

Mtu mzima wa Dar es Salaam anayeogelea asubuhi kabla ya kwenda kazini anaweza kabisa kushindana, kwa kuwa mashindano ya ridhaa ya wakubwa, yanayojulikana duniani kwa jina la Masters, humpanga mtu na wa rika lake. Kwa kanuni za World Aquatics, shirikisho la kuogelea la dunia, makundi huanzia miaka 25 na hupanda kwa mitano mitano, na umri unaohesabiwa ni ule utakaokuwa umeufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Kwa hiyo mama atakayetimiza miaka 40 mwezi Novemba huogelea na kundi la 40 hadi 44 tangu Januari. Asiyeweza kuruka kutoka kwenye jukwaa la kuanzia asijinyime nafasi, kwani kanuni hizo humruhusu kuanzia ukingoni au ndani ya maji.

Unapojaza fomu, andika muda wako wa kweli na utaje urefu wa bwawa ulikoupata. Muda wa bwawa la mita 25 huwa mfupi kuliko wa bwawa la mita 50, kwa sababu kila ugeukapo unausukuma ukuta na kupata kasi mpya. Anayechanganya hesabu hizo hujikuta akiogelea na watu wasiolingana naye kwa kasi, na hapo mbio huwa zimeharibika kabla ya filimbi.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni upimaji wenyewe. Pasipo mitambo ya umeme, muda hupimwa kwa saa za mkononi, na aghalabu wanaozishika ni wazazi na wanachama waliojitolea, ambao wanastahili shukrani zetu pamoja na mafunzo ya kutosha. Utaratibu ni kutumia saa tatu za mkononi kwa kila njia, yaani sehemu ya bwawa anayoogelea mtu mmoja. Saa mbili zikilingana, muda wao ndio rasmi. Zote zikitofautiana, kwa mfano sekunde 38.41, 38.57 na 38.90, unachukuliwa wa katikati, yaani 38.57, wala si wastani. Wastani hutumika pale tu ambapo saa zilizofanya kazi ni mbili.

Makosa huingia mwanzoni kuliko watu wanavyodhani. Katika mbio za mita 50 kwenye bwawa la mita 50, mwanzishaji yuko upande mmoja na watunza muda wako upande wa pili. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo anayebonyeza saa kwa kusikia mlio huchelewa kiasi cha sehemu 15 za mia ya sekunde, nawe unapewa muda mzuri kuliko uliouogelea. Ndiyo maana mtunza muda hufundishwa kuifuata taa inayomulika pamoja na mlio. Mwishoni anapaswa kusimama ukingoni kabisa na kutazama chini, ukutani, kwa sababu jua la alasiri likipiga juu ya maji, aliyeketi kitini nyuma hawezi kuuona mkono ukigusa.

Hata Olimpiki haikusalimika. Roma mwaka 1960, katika mita 100 mtindo huru, saa tatu za Lance Larson wa Marekani zilisoma sekunde 55.0, 55.1 na 55.1, ilhali zote tatu za John Devitt wa Australia zilisoma 55.2, hata hivyo dhahabu alipewa Devitt kwa macho ya waamuzi. Mzozo huo ulichangia kuletwa kwa vibao vya umeme vinavyosimamisha saa vinapoguswa na muogeleaji. Navyo vina masharti yake: havisikii mguso wa kudokoa. Usiteleze kuelekea ukutani ukingoja ukufikie, wala usishike ukingo wa juu. Nyoosha mkono na ubonyeze kibao kwa nguvu, chini kidogo ya uso wa maji. Katika mtindo wa kipepeo na wa kifua mikono yote miwili iguse kwa pamoja, la sivyo utafutiwa matokeo.

Ukimaliza, baki kwenye njia yako mpaka uruhusiwe kutoka. Ukiona muda uliotangazwa haufanani na ulivyoogelea, usianze na malalamiko kwa waliojitolea. Mwendee mtunza muda mkuu kwa adabu: “Shikamoo mama, naomba kujua saa zote tatu za njia ya nne zilisoma ngapi.” Fanya hivyo mapema, kwa sababu saa hurudishwa kwenye sifuri filimbi fupi za mbio zinazofuata zinapopulizwa, na baada ya hapo linalobaki ni karatasi tu. Muda wa saa uliyojipimia mwenyewe hautakusaidia, kwani uliibonyeza baada ya kugusa ukuta. Usiporidhika, kiongozi wa timu yako ampelekee mwamuzi mkuu pingamizi la maandishi ndani ya dakika 30 baada ya mbio hizo kumalizika.