Ukipangiwa Njombe: maneno ya mwenzio kutoka Pangani

Kila zikitoka ajira za walimu, hakosi mtu wa kwetu pwani anayeona jina lake, akaona na kituo alichopangiwa, halafu akanipigia simu usiku huohuo: "Dada, huko Njombe watu wanaishije?" Nimeulizwa mara nyingi hata nimeona bora niandike. Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Nafundisha shule ya msingi katika kijiji kilicho mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka Njombe mjini, na huu ni mwaka wangu wa 9.

Tuanze na safari. Sweta lisifungwe kwenye begi la kwenye buti, likae nawe kwenye kiti. Mkishamaliza kupanda Kitonga hewa inabadilika, na ukishuka Makambako usiku utajua kwa nini nimekwambia. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi yenyewe ni mwezi wa 6 hadi wa 8. Ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi, na kule Makete kuna siku nyasi zinaamkia nyeupe kwa sakitu. Asubuhi yangu ya kwanza nilitoa chupa ya mafuta ya nazi niliyofungiwa na mama, nikaigeuza juu chini, halikudondoka tone. Yalikuwa yameganda meupe kama mshumaa. Nikaifunga kifuani ndani ya khanga mpaka yakalegea, ndipo nikajipaka. Chukua mafuta ya mgando, ya midomo na mashavu, na kama una mtoto chukua ya kutosha.

Mablanketi usiyabebe kutoka kwenu. Mitumba ya soko la Njombe imechaguliwa kwa ajili ya baridi: makoti, soksi nene, masweta, mablanketi mazito. Tenga sehemu ya hela ya kujikimu kwa ajili hiyo, na kitanda ununue kabla ya kabati, maana sakafu ya saruji ya huku haifai kulaliwa hata kwa godoro nene. Kufua fua Jumamosi jua likichomoza. Wiki ya ukungu nguo inaweza kukaa kambani siku tatu.

Sasa hapa naomba unisikilize. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa 7, niliingiza jiko la mkaa chumbani, nikafunga dirisha, nikaziba na chini ya mlango kwa khanga. Usiku nikazinduka kichwa kinagonga, miguu haina nguvu. Niligonga ukuta kwa kiganja, na kwa rehema za Mungu mama mwenye nyumba akasikia. Akaja, akanivuta mpaka nje, akanikalisha kwenye kibaraza nipate hewa, asubuhi tukaenda zahanati. Mkaa uliokwisha kushika, mwekundu, usio na moshi wowote, ndio unaokudanganya. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na aliyelala haimwamshi. Kwa hiyo: ota moto jikoni, mlango uwe wazi, na kabla ya kulala jiko litoke nje hata kama unaona limebaki majivu. Kitandani ingia na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa. Mwenzako mkiwa mnaota moto akilalamika kichwa au kichefuchefu, mtoe nje kwanza, kisha mpelekeni hospitali. Walimu wapya wote wanaokuja shuleni kwetu nawaambia hili siku ya kwanza, kabla hata sijawaonyesha darasa.

Chakula hakitakusumbua sana ukikubali kuiacha nazi. Zipo mjini, ila bei yake siyo ya kila siku. Kuna mafuta ya alizeti, kuna karanga, kuna njegere mbichi ambazo kwetu huzioni, na viazi mviringo vya kila namna. Kande wanazijua haswa. Ukitamani samaki, dagaa wa Nyasa wanafika sokoni. Maharage yaloweke tangu jioni: huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo yatatokota tu sufuriani na kuiva hayaivi. Nilimaliza mkaa mwingi kabla jirani hajaniambia hilo.

Kilichoniumiza kuliko baridi ni milango. Sisi tumekulia barazani. Jioni ndiyo watu wanatoka, kahawa inapita, kila anayekatiza anasalimiwa. Huku saa moja jioni kijiji kizima kimefunga. Miezi miwili nililia nikiamini hawanitaki. Mpaka siku moja nilikosa kiberiti, nikazunguka nyuma ya nyumba ya jirani, nikapiga hodi kwenye jiko la nje. Walikuwemo watu tisa. Bibi, watoto, wakwe, wote wamezunguka moto, viazi vimefukiwa kwenye majivu, na wala hawakuniuliza nimefuata nini. Walisogea tu, nikapata nafasi kwenye kigoda. Baraza ya huku iko jikoni. Kwa hiyo usingoje kualikwa mlango wa mbele. Jioni zunguka nyuma, piga hodi, na ukipata kuni mbili tatu nenda nazo.

Salamu ya Wabena, wenyeji wa huku, ni "kamwene", na jibu lake ni hiyohiyo, kamwene. Itamke taratibu. Kwa mzee inama kidogo, na unapompa mkono wa kulia, wa kushoto uushike kiwiko chako. Ukikuta watu sita, wape mkono wote sita. Shikamoo nayo inapokelewa vizuri, lakini kamwene kutoka kwa mgeni inawafurahisha kweli. Na punguza sauti. Sauti yetu ya kuitana ng'ambo ya mto, huku inasikika kama ugomvi. Mzazi mmoja alimwondoa mtoto wake kwenye dirisha la darasa langu akidhani nawafokea, kumbe nilikuwa nasimulia hadithi.

Kuna mzigo mwingine ambao wengi wetu tunakuja nao bila kujua. Mbena uliyemwona mjini, pengine ni yule binti aliyekuwa akifanya kazi za ndani nyumbani kwenu au kwa jirani. Ukafika huku na mazoea ya kumwita "wewe" na kumtuma. Yaache hukohuko. Yule binti ana mama, na mama huyo ndiye anayekuja kikao cha wazazi, ana shamba la parachichi, ana miti aliyoipanda mwenyewe, na anakumbuka vizuri sana mwanawe alivyoishi kwa watu wa pwani. Nimewahi kukaa na mama wa namna hiyo akinisimulia, sikuwa na la kusema ila kumwomba radhi kwa niaba ya watu nisiowajua.

Ukitaka kuwa mwenyeji, lima. Swali utakaloulizwa ni "umelima wapi?" Kwetu tuna vuli na masika, huku msimu ni mmoja, mvua zinaanza Novemba mpaka Aprili hivi, na mahindi unayopanda mwanzoni mwa mvua unayavuna Juni au Julai. Usishtuke kuyaona bado yamesimama. Kodi hata nusu eka, makubaliano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kisha uliza wenzako wanalima vipi mgowe, yaani leo sote kwako, kesho sote kwangu. Unakwenda na jembe lako, siku yako unapika. Nenda kwa wenzio kwanza, mara mbili au tatu, ndipo uwaite kwako.

Kwenye mgowe kutakuwa na ulanzi, utomvu wa mianzi unaogemwa wakati wa mvua. Ukiwa mbichi ni mtamu, ukikaa unakuwa mkali. Mimi Mwislamu, situmii, na sijawahi kukosana na mtu kwa hilo. Nasema, "Asante, naomba chai," halafu nabaki nimekaa. Kinachowakera ni kukataa kikombe na kuondoka. Nyama nilielekezwa na watu wa msikiti wa mjini pa kununua. Siku ya mgowe wangu, jirani aliyenisaidia kupika alimtuma mwanawe kwa baiskeli, bila mimi kumwambia, akamlete mzee wa Kiislamu wa kijiji cha pili aje kuchinja kuku.

Msiba ukitokea, nenda siku ileile, na bakuli la unga au maharage. Wanawake tunachota maji na kukoka moto, wanaume wanachimba kaburi. Rambirambi inaandikwa daftarini, lakini anayekumbukwa ni aliyeshinda pale msibani kutwa.

Na ukienda likizo, usirudi mikono mitupu. Mimi nashuka na viazi na njegere, napanda na ng'onda, wale samaki wetu wa chumvi, wamefungwa kwenye mifuko miwili na karatasi katikati ili harufu isiingie kwenye nguo. Jirani yangu mara ya kwanza alimshika kwa ncha za vidole. Nikamwonyesha: mkatekate, mloweke kwenye maji ya moto, mwaga, rudia mara mbili mpaka chumvi ipungue, kisha mkaange na vitunguu na nyanya nyingi. Yeye akaongeza njegere, jambo ambalo Pangani halijawahi kufanyika, na likawa tamu. Siku hizi shule zikikaribia kufungwa Desemba anapita dirishani: "Mwalimu, unasafiri lini?"