Mafuriko yakivamia kijiji Lindi: jinsi ya kuomba msaada wa maafa

Watu wakiwa bado majini, acha karatasi. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji, au 112, polisi. Taja kijiji, kata, na upande ambao gari linaweza kufika. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam–Lindi ilikatika Somanga, Kilwa. Siku kama hiyo, gari likitumwa kutoka upande usiopitika ni sawa na kutotumwa.

Siku hiyohiyo nenda kwa mtendaji wa kijiji. Taarifa yake iwe ya maandishi, ipite kwa mtendaji wa kata hadi kwa Mkuu wa Wilaya, mwenyekiti wa kamati ya wilaya ya usimamizi wa maafa kwa Sheria ya mwaka 2022. Maafa yakizidi uwezo wa wilaya, Mkuu wa Mkoa hupokea, kisha Ofisi ya Waziri Mkuu.

Panapoharibika mara nyingi ni kwenye orodha ya waathirika. Halmashauri inataka majina, Msalaba Mwekundu wanataka majina, na mwenyekiti wa kijiji ana daftari lake tangu jana. Zikitofautiana, uhakiki unaanza upya huku watu wamelala darasani. Basi iwepo orodha moja: mkuu wa kaya, idadi ya watu, watoto wachanga, wajawazito, wazee, wenye ulemavu, nyumba imeanguka au imeingia maji tu, ekari za ufuta au mihogo zilizosombwa. Isomwe hadharani kabla ya kugongwa muhuri. Shemeji wa mtu, aliyeandikwa ingawa anaishi Dar, ataondolewa hapohapo, tena kwa kicheko. Ukirekebisha, andika juu "orodha ya pili" na tarehe, ili ya kwanza isiendelee kuzunguka.

Kwenye taarifa hiyo ya kwenda kwa Mkuu wa Wilaya, kila uharibifu upewe aya yake: barabara kuu ni ya TANROADS, za wilaya na vijijini TARURA, maji ya vijijini RUWASA, nguzo za umeme TANESCO. Kamati itagawa kazi. TANROADS na wenzake wape nakala tu. Ukimwomba kila mmoja kivyake, kila mmoja atadhani mwenzake ameshaanza.

Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mwisho, mchagueni mtu mmoja wa kupigiwa simu, ikiwezekana yule mwenye sola nyumbani, maana umeme nao utakuwa umekatika.