Bia ya kwanza ya ndoo: utajuaje kwamba imemaliza kuchacha

Karatasi inayokuja na kopo la kimea cha kutengenezea bia nyumbani mara nyingi hutaja wiki moja hivi, kisha chupani. Mimi naisoma kwa ajili ya kiasi cha maji na sukari tu. Habari za siku sizifuati, kwa sababu aliyeiandika hajui jiko langu hapa Leeds linavyokuwa na baridi mwezi Februari, wala hajui pakiti yako ya hamira ilikaa dukani muda gani.

Sisi tuliokulia Kilimanjaro tuna jambo la ziada la kujihadhari nalo. Mbege hainywewi ikiwa imetulia. Maji ya ndizi zilizopikwa yanachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na kesho yake watu wanakunywa huku bado inafurukuta. Hakuna anayeuliza kama imemaliza; ikimaliza ndiyo imeanza kuwa siki. Na pipa la mbege halikazwi kifuniko, kwa hiyo gesi inajiendea. Chupa ni kesi nyingine. Ukifunga kabla sukari haijaisha, hamira itaendelea kula humo humo, na gesi haina pa kutokea. Ukiwa na bahati, bia itaruka mpaka darini siku ya kufungua. Ukikosa bahati, chupa itapasuka kabatini, na vigae vyake vinaweza kumtoa mtu jicho.

Kwanza tuondoe imani ya mapovu. Kile kidude cha plastiki chenye maji kinachokaa juu ya mfuniko, ealoki, kazi yake ni kutoa gesi na kuzuia hewa isiingie. Si saa wala kipimo. Mfuniko wa ndoo usiposhika vizuri, gesi inapenya pembeni na ealoki inabaki kimya tangu siku ya kwanza, na bia inachacha kama kawaida. Kinyume chake pia hutokea: bia imeshamaliza, jua likaingia dirishani, ndoo ikapata joto, na gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani ikaanza kutoka. Utasikia blubu, blubu, ukadhani kazi inaendelea. Povu zito la juu nalo linasaidia kidogo tu. Likishuka na kuacha utando wa kahawia kwenye kuta za ndoo, ujue kishindo kimepita, lakini bado kuna sukari inayoliwa polepole.

Kinachosema kweli ni haidromita, ile bomba ya kioo inayoelea, yenye namba ubavuni. Kwenye maduka ya vifaa vya pombe huku Uingereza inauzwa kwa bei rahisi. Maji matupu husoma 1.000. Maji ya kimea yana sukari, kwa hiyo ni mazito zaidi na haidromita inaelea juu zaidi. Hamira inavyoigeuza sukari kuwa kilevi na gesi, namba inashuka. Basi pima siku ile ile unayoanza, kabla ya kutia hamira, uandike kwenye mkanda wa karatasi na kuubandika ndooni. Ndoo yangu ya lita 23 iliyopo sasa imeandikwa 1.046.

Namna ya kupima baadaye: subiri povu lishuke. Puliza dawa ya kuua vijidudu kwenye koki ya ndoo, fungua, mwaga tone la kwanza lenye mashapo, kisha jaza mcheduara wa plastiki uliokuja na haidromita. Mimina sampuli hiyo kutoka kikombe hadi kikombe mara kadhaa ili gesi itoke, maana viputo vikiganda kwenye kioo vinakinyanyua na utasoma namba kubwa kuliko ilivyo. Tumbukiza haidromita, izungushe kwa vidole, iache itulie. Inamisha macho yawe sawa na uso wa bia, usome pale uso ulipo tambarare, si pale bia ilipopanda kidogo kwenye kioo. Haidromita nyingi zimetengenezwa kwa joto la 20°C. Kama uko Dar na sampuli ina 30°C, ongeza alama 2 au 3 mwishoni: 1.008 iwe 1.010 au 1.011.

Sampuli usiirudishe ndooni. Inywe.

Kuinywa ni sehemu ya kipimo. Ikiwa na utamu wa togwa, bado. Ikinukia tofaa bichi, hamira haijamaliza kusafisha nyumba yake. Ikiwa na ladha ya siagi, hata kama namba imeshashuka, iache siku mbili au tatu zaidi mahali penye joto kidogo. Hamira hiyo hiyo itaila hiyo siagi.

Kanuni yenyewe ni fupi: namba ile ile mara mbili, zikipishana siku mbili au tatu, na namba hiyo iwe mahali panapoeleweka. Bia ya kawaida iliyoanza 1.046 itaishia karibu na 1.010 hadi 1.012. Ikitua 1.011, imeshuka alama 35, zidisha 0.035 kwa 131 upate kilevi cha asilimia 4.6 hivi.

Hilo la “mahali panapoeleweka” lina uzito wake. Namba ikigoma 1.020 kwa siku kadhaa, imetulia, ndiyo, lakini huenda hamira imelala kwa baridi. Isogeze ndoo penye 20°C au 21°C, izungushe taratibu bila kufungua mfuniko ili mashapo yainuke, upime tena baadaye. Isipokuwa kama umepika stauti, bia nyeusi, yenye sukari ya maziwa: sukari hiyo hamira ya bia haiili kabisa, na kuishia juu ni kawaida yake.

Kwa nini nashikilia alama chache hivi? Piga hesabu. Wakati wa kujaza chupa tunaongeza sukari gramu 6 hivi kwa lita ili bia ipate gesi. Kila alama 1 iliyobaki ambayo hamira ingeweza kuila ni kama gramu 2 zaidi kwa lita. Ukijaza ikiwa 1.015 wakati ingefika 1.011, umeweka gramu 14 badala ya 6. Hakuna chupa ya kawaida ya bia ya kuaminiwa kwa mzigo huo.

Na kama hamira yako ni ya saizoni, aina ya bia ya Ubelgiji, ongeza subira. Baadhi yake huendelea kumega sukari ngumu kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, hivyo pisha vipimo kwa wiki nzima.

Siku ya kujaza, chupa moja iwe ya plastiki, ya soda, iliyosafishwa vizuri. Iweke pamoja na zile za kioo, mahali penye joto la chumba, ndani ya boksi lenye kifuniko. Kila siku iminye. Ikikaza baada ya wiki moja au mbili, peleka zote kwenye friji. Ikiwa ngumu kama jiwe siku ya pili tu, vaa miwani na glavu nene, tia zote kwenye baridi, na usifungue hata moja mpaka zimepoa kabisa.